Msituuzie Maji ya Ndimu

Kuna uongo unaozunguka Nairobi ukiwa umevaa raba za bei na kubeba chupa ya maji. Unasema hivi: afya yako iko mikononi mwako. Amka saa kumi na moja, kunywa maji ya vuguvugu yenye ndimu, kimbia kilomita tano, punguza ugali, lala masaa manane, kaa mbali na watu wenye roho mbaya. Ukiugua hata baada ya hayo yote, basi kuna hatua uliruka.

Ndimu haina makosa. Kukimbia pia ni kuzuri. Kinachoniudhi ni hesabu iliyojificha nyuma ya mahubiri haya, kwamba mgonjwa ni mtu mvivu na mzima ni mtu mwenye nidhamu. Hesabu hiyo inawafaa sana watu watatu: landilodi, bosi na serikali. Kila tunapojilaumu, wao wanapumzika.

Ebu tuanze na maji yenyewe. Anayekuambia unywe lita tatu kwa siku anadhani ukifungua mfereji kuna kitu kitatoka. Mitaa mingi ya Eastlands maji huja kwa zamu, tena mara nyingine yanakuja usiku wa manane na wewe ndiye wa kuamka kujaza mitungi. Siku zingine zote unanunua kwa mtu wa mkokoteni. Msee wa Mukuru analipia lita moja pesa nyingi kuliko tajiri wa Muthaiga aliye na bomba jikoni, na bado hajui hayo maji yalipitia bomba gani lililopasuka. Halafu mtoto akiharisha, mama anaambiwa hakunawa mikono.

Mambo haya hayakuangukia jiji hili kwa bahati mbaya. Nairobi ilichorwa hivi. Tauni ilipoingia mwaka 1902, wakoloni walichoma soko la Wahindi. Mwaka 1913 akaja daktari Mwingereza, William Simpson, kuchunguza usafi wa miji yetu, akapendekeza watu watenganishwe kwa rangi. Wazungu wakabaki na vilima vya magharibi penye miti na hewa. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye tambarare, karibu na reli na viwanda. Bendera ilibadilika 1963, lakini ramani ikabaki pale pale. Leo mtu wa Lavington na mtu wa Korogocho wanaweza kuamka saa moja, wakakimbia kilomita zile zile tano, na mmoja akarudi nyumbani akiwa amevuta moshi wa takataka za mwenzake.

Moshi huo una anwani. Jaa la Dandora lilifunguliwa miaka ya sabini na bado linapokea uchafu wa jiji zima. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilitoa utafiti kuhusu watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Sasa niambie, hao watoto waliruka hatua gani? Walikosa kutafakari asubuhi?

Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa kando ya nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi pale, na mtoto wake mwenyewe akaugua kwa sumu ya risasi. Hakuwaita majirani awafundishe kupumua kwa utulivu. Aliandamana nao, akakamatwa, akaendelea, mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Huo ndio mpango wa afya ninaouelewa.

Kuna watakaosema haya ni maneno ya wanasiasa, sayansi iko kwingine. Haya, twende Uingereza. Kuanzia mwaka 1967 watafiti walifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliofanya kazi serikalini jijini London. Hakuna aliyekuwa fukara, wote walikuwa na kazi ya kudumu na hospitali isiyolipisha. Lakini wa ngazi ya chini kabisa, akina tarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wakubwa wao. Sigara na shinikizo la damu zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Cheo chenyewe, yaani ni nani anakuamrisha na una uwezo gani juu ya siku yako, kilikuwa kinaingia mwilini. Michael Marmot, mmoja wa watafiti hao, baadaye alisimamia tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotoa ripoti mwaka 2008. Ujumbe wake ni rahisi: tunaugua kulingana na tunapozaliwa, tunapoishi na tunavyofanyishwa kazi.

Sikuhitaji tume kuniambia. Niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya kupokea simu za wateja. Shifti zilibadilika kila wiki, leo mchana, kesho usiku. Siku moja wakatuletea mtaalamu wa kujitunza, kikao cha lazima, katikati ya mapumziko yetu ya chakula. Akatufundisha kupumua kwa tumbo. Akasema usingizi ni uamuzi. Dada aliyekaa kando yangu alikuwa ametoka shifti ya usiku asubuhi hiyo na alikuwa anarudi jioni, na nyumbani kwake Tassia ni mathree mbili na jam. Tulipouliza kama tunaweza kupata gari la kutufikisha nyumbani tukimaliza saa nane usiku, tuliambiwa bajeti hairuhusu. Bajeti ya kupumua ilikuwepo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Ana haki ya likizo ya ugonjwa yenye malipo baada ya kutumika miezi miwili mfululizo. Hivyo vifungu viwili vikifuatwa Industrial Area, Westlands na kwenye kila supamaketi jijini, vitaponya watu wengi kuliko chai zote za tangawizi tunazouziwa mtandaoni.

Najua jibu linalokuja. "Shosho yangu alikula nduma, hakuwa na pesa, na alifika miaka tisini." Sawa kabisa. Lakini angalia alichokuwa nacho: shamba lake, chakula kisichonyunyiziwa dawa ovyo, kazi ya mwili mchana, giza na kimya usiku, majirani waliomjua kwa jina. Hakuamka akachagua nidhamu. Mazingira yalimtembeza na yakamlisha. Na tukiwa wakweli, tuhesabu pia ndugu zake waliozikwa wadogo kwa surua na malaria, maana hao hawatajwi tunapomsifu yeye.

Sisemi uvute sigara kwa sababu mfumo ni mbaya. Kuchagua kupo. Lakini ukubwa wa uchaguzi wako unapimwa kwa mfuko, kwa saa za kazi na kwa umbali wa keja yako. Anayekula chipo na smokie saa tatu usiku kando ya steji anajua sukuma ni bora. Hana jiko la kuwasha saa hiyo, gesi imeisha, na saa kumi na moja anatakiwa awe macho.

Na serikali? Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi Abuja kwamba asilimia 15 ya bajeti itaenda kwa afya. Kenya haijafika. Tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara inakatwa kwa ajili ya bima ya afya ya jamii kabla hujaigusa. Hapo hakuna anayekuambia ni uamuzi wako binafsi. Wakati wa kutoa, afya ni jukumu letu sote. Wakati wa kuugua, kila mtu na lake.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inataja afya, nyumba, chakula na maji safi mahali pamoja, kama vitu vya familia moja. Huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, na kaunti hulazimika kusikiliza umma kabla ya kupitisha bajeti. Mikutano hiyo hujaa wazee na watu wa mheshimiwa. Sisi vijana huwa tuko kazini, au tuko kwa simu tukitazama mtu akikata parachichi.

Ikitangazwa tena, tafuta majirani wawili wa ploti yenu, mpange nani ataomba ruhusa. Muulize mfereji utatoa maji lini, kliniki ya wodi ina dawa gani, na lori la taka linapita siku gani. Andika majibu wanayotoa, na jina la aliyeyatoa. Kisha mrudi mwaka ujao na hiyo karatasi.