Lisemwalo Lipo? Mwamuzi na Tuhuma katika Mpira wa Vikapu

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hii ina utamu wake, lakini ina hatari pia, hasa inapotumiwa kumhukumu mtu ambaye kazi yake yenyewe ni kuhukumu. Makala haya yanamhusu mtu huyo, yaani mwamuzi wa mpira wa vikapu wa kulipwa, ambaye kila apulizapo kipenga nusu ya watazamaji humwona malaika na nusu iliyosalia humwona mwizi. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kuviita vitu vitatu kwa jina moja: kosa, mwegemeo na ufisadi. Mkanganyiko huo humfaidi fisadi kuliko mtu mwingine yeyote.

Yamkini msomaji atauliza: mkazi wa Pipeline, mtaa wa majumba marefu yaliyobanana huko Embakasi, ana nini na waamuzi wa Marekani? Jibu ni kwamba anayo mengi. Kiwanja cha wazi ni adimu mtaani humu, lakini runinga na simu hazina uadimu huo. Mchuano wa NBA unaoanza saa moja na nusu jioni mjini New York wakati wa kipupwe hutufikia saa tisa na nusu usiku, na wapo vijana wanaokesha kuutazama kisha wakaingia kazini alfajiri. Isitoshe, tangu kamari ya simu ienee nchini katika muongo wa 2010, mchuano huo umekuwa pia suala la riziki. Mtu huweka dau kwa M-Pesa usiku, na kunapokucha ama ana nauli ama hana. Anapopoteza, ni nadra kumsikia akisema kuwa alibashiri vibaya. Aghalabu husema: "Refa amenunuliwa."

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulisikiliza tamko hilo kwa sikio la taaluma. Msamiati tulio nao wa kumshuku mwamuzi ni mwingi: amehongwa, amekula mlungula, amenunuliwa, ameonea, amependelea. Takriban maneno haya yote hubeba nia ndani yake. Hata nomino "upendeleo" imetokana na kitenzi "pendelea", ambacho nacho kimetokana na "penda". Anayependelea, kwa mantiki ya neno lenyewe, anamjua ampendaye. Hivyo basi, hatuna neno jepesi la kumwelezea mwamuzi aliyeelemea upande mmoja bila yeye mwenyewe kutambua. Ndiyo maana katika makala haya natumia neno "mwegemeo", nikiliweka mbele ya wasomaji walipime. Bila neno la aina hiyo, kila filimbi isiyoturidhisha hugeuka kuwa hongo.

Hebu tuanze na ufisadi wenyewe, maana upo. Tim Donaghy alikuwa mwamuzi wa NBA kwa misimu 13. Mnamo Julai 2007 alijiuzulu, na Agosti mwaka uo huo akakiri mashtaka mawili katika mahakama ya shirikisho huko Brooklyn: kula njama ya ulaghai na kupitisha habari za kamari. Alikuwa ameshiriki kamari juu ya mechi, zikiwemo alizozichezesha mwenyewe, na kuwapa wacheza kamari siri za ndani kwa malipo. Julai 2008 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Hapa mshabiki wa methali yetu atapiga kofi na kusema, "Si niliwaambia?"

La hasha, hakutuambia. Mchuano uliokuwa umelalamikiwa kwa miaka ni ule wa sita katika fainali ya Kanda ya Magharibi mwaka 2002, baina ya Los Angeles Lakers na Sacramento Kings. Katika robo ya mwisho pekee Lakers walipewa mitupo huru 27, wakashinda kwa alama 106 kwa 102, na hatimaye wakatwaa ubingwa. Donaghy hakuwa miongoni mwa waamuzi watatu wa siku hiyo. Mwaka 2008 wakili wake aliwasilisha mahakamani madai kwamba mchuano mmoja wa mwaka 2002 ulielekezwa na waamuzi ili mfululizo urefushwe, na maelezo yake yaliuashiria mchuano huu. Ligi ilikanusha, na madai hayo hayajathibitishwa katika mahakama yoyote. Donaghy naye alifichuliwa na wapelelezi wa FBI waliokuwa wakilifuatilia genge la wahalifu, na ligi yenyewe iliarifiwa na wapelelezi hao. Kelele za mashabiki zilielekea kwingine, na mwenye hatia akapatikana kwingine. Miaka mingi ya "refa amenunuliwa" haikumtia wasiwasi aliyekuwa akinunuliwa kwelikweli, kwa kuwa alijificha katikati ya waamuzi wote waliotukanwa sawasawa.

Tuje kwenye mwegemeo. Mwaka 2007 wanauchumi wawili, Joseph Price na Justin Wolfers, walitoa utafiti wa misimu 13 ya NBA, kuanzia msimu wa 1991 hadi ule ulioishia 2004. Walidai kuwa kiwango cha faulo alizopigiwa mchezaji kiliweza kutofautiana kwa hadi asilimia 4 kulingana na iwapo rangi yake ilifanana na ya waamuzi. Ligi iliupinga utafiti huo vikali, lakini ukachapishwa katika jarida la kitaaluma mwaka 2010. Hakuna mwamuzi aliyeshutumiwa humo kwa kupokea hata senti. Jambo la kustaajabisha zaidi lilifuata baadaye. Wawili hao, wakishirikiana na Devin Pope, waliyachunguza tena mambo na kukuta kwamba baada ya utafiti wa kwanza kutangazwa sana mwaka 2007, tofauti ile haikuonekana tena. Kwa maelezo yao, kule kujulikana kwake tu kulitosha kuleta mabadiliko. Je, matusi yangalileta tija hiyo? Mtu aambiwaye kuwa ni mwizi hujitetea. Aonyeshwaye kwa takwimu kuwa jicho lake limeegemea huenda akalirekebisha.

Lipo pia kosa la kawaida, lisilo na nia wala mwelekeo. Wachezaji 10 hukimbizana katika uwanja usiotimia mita 30 kwa urefu, na waamuzi watatu hutakiwa kutambua kwa kufumba na kufumbua ni mkono wa nani uliogusa kiwiko cha nani. Tangu mwaka 2015, NBA huchapisha ripoti ya dakika mbili za mwisho za michuano iliyokaribiana, ikitaja filimbi zilizopulizwa kimakosa na zile ambazo hazikupulizwa ilhali zilipaswa. Matokeo hayabadilishwi, na baadhi ya waamuzi wenyewe wameilaumu ripoti hiyo kuwa inawaanika. Hata hivyo, inalo funzo: kosa likishaitwa kosa na mwenye mamlaka, jirani yangu hana haja ya kulitafutia jina jingine.

Nasi nyumbani hatujasalimika. Mwaka 2018 Aden Marwa, mwamuzi msaidizi wa kandanda kutoka Kenya aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia nchini Urusi, alionekana katika filamu ya mwanahabari wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, akipokea dola 600. Akajiondoa katika safari hiyo. Kilichomfichua ni kamera na subira ya wachunguzi. Sasa mpira wetu wa vikapu nao unaingia katika ulimwengu wa fedha. Ligi ya Afrika ya BAL ilianza mjini Kigali mwaka 2021, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kushiriki. Penye fedha nyingi vishawishi huongezeka, na dau la kamari halibagui kati ya Boston na Nyayo.

Najua atatokea wa kunipinga. Atasema kuwa katika nchi ambamo mwananchi ameombwa "kitu kidogo" mara zisizohesabika, shaka ndiyo silaha pekee ya mnyonge, nami namnyang'anya silaha hiyo. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Mkazi wa Pipeline hakuzaliwa na shaka. Alifunzwa na ofisi alizopitia. Lakini silaha inayofyatuliwa kila upande haimlengi yeyote. Anayewaita waamuzi wote wezi amemsamehe mwizi, maana amemfanya awe sawa na wenzake. Tena amemwonea yule anayejitahidi, na kijana mwadilifu anayeyaona hayo hatatamani kushika kipenga.

Napendekeza, kwa hivyo, mambo matatu. Kwanza, wasimamizi wa ligi zetu wachapishe majina ya waamuzi kabla ya mchuano, na baada ya mchuano wenye utata watoe maelezo ya maandishi. Pili, marufuku ya kamari kwa waamuzi na maafisa yafuatiliwe kwa uchunguzi halisi, kwa kuwa kesi ya Donaghy inaonyesha kuwa mlango wa uovu ulikuwa dau. Tatu, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja, watangazaji na waandishi wa michezo wa Kiswahili wapewe istilahi za kutofautisha. Mtangazaji anaposema hewani kuwa mwamuzi "amekula", ilhali alichokiona ni mkono uliokosewa kwa sentimita mbili, anatoa hukumu isiyo na ushahidi mbele ya maelfu ya wasikilizaji.

Hakuna mhadhiri katika idara yetu ambaye angepokea tasnifu inayothibitisha hoja zake kwa kusema "lisemwalo lipo". Angemrudisha mwanafunzi akatafute ushahidi, na angekuwa amemtendea haki. Kipimo hichohicho tukitumie tunapomtuhumu binadamu mwenzetu kwa kosa linaloweza kumpeleka gerezani. Na ushahidi ukishapatikana, tusimame kidete hadi mwenye hatia aadhibiwe, awe wa Marekani au wa kwetu.