Nguvu na Uzito katika Vyombo vya Mashindano

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya swali hili: chombo kizito na chombo chepesi, kipi ni imara zaidi? Wengi hujibu bila kusita kuwa ni kile kizito. Jibu hilo si sahihi. Lakini wako waundaji wa vyombo vya mashindano walioshika kinyume chake kana kwamba ni sheria ya maumbile, na hao wamekosea zaidi.

Katamarani ni chombo chenye maganda mawili marefu na membamba, yaliyounganishwa kwa boriti zilizokingama. (Ngalawa yetu ni jamaa yake, ingawa yenyewe ina mtumbwi mmoja na mirengu miwili.) Kwa kuwa maganda yamekaa mbalimbali, chombo hakihitaji uzito chini yake ili kisipinduke, hivyo mwundaji ana uhuru wa kukipunguza atakavyo. Njia yake inapendeza. Ubao ukiongezwa unene mara mbili, ugumu wake dhidi ya kupinda huongezeka mara nane. Basi hutengeneza ngozi mbili nyembamba za nyuzi za kaboni, akatia povu jepesi kati yake: unene umepatikana, na uzito haukuongezeka sana. Hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi huanza anapokikuza chombo. Tuchukue katamarani na kuzidisha kila kipimo mara mbili. Uzito utakuwa mara nane na upana mara mbili. Hivyo momenti inayokizuia chombo kisipinduke itakuwa mara kumi na sita. Uwezo wa boriti kustahimili kupindwa, unaofuata kipeo cha tatu cha vipimo vyake, utaongezeka mara nane tu. Mkazo ndani ya boriti, basi, waweza kufikia maradufu. Chombo kidogo kikizidiwa na upepo huinua ganda moja, baharia akahisi na kulegeza tanga. Kile kikubwa hutulia, kikizimeza kani zote mwilini mwake, mpaka kitu kikatike.

Team Philips, katamarani ya Uingereza yenye urefu wa zaidi ya meta 36, ilivunjika omo ya ganda la kushoto, kipande cha karibu meta 14, mwezi Machi 2000, ikiwa katika majaribio tu. Ilitengenezwa, ikarudi baharini, na Desemba mwaka huohuo mabaharia wake saba wakaiacha katika dhoruba ya Atlantiki. Wote waliokolewa. Andrew Simpson, mshindi wa medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008, hakuokoka: tarehe 9 Mei 2013 katamarani ya timu ya Artemis ilipinduka na kuvunjika mazoezini katika Ghuba ya San Francisco, naye akanaswa chini yake.

Husemwa kuwa hiyo ndiyo gharama ya maendeleo. Sikubali. Kani za mawimbi hazikadiriki kwa uhakika, na gundi iliyoachia kati ya ngozi na povu haionekani kwa macho. Mhandisi wa daraja hulazimishwa kuacha akiba ya nguvu. Mwundaji wa chombo cha mashindano huiona akiba hiyo kuwa kilo za kutupwa, na mpinzani wake akizitupa, naye hana budi. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmojammoja. Kanuni ziweke uzito wa chini kabisa kwa wote, na kila chombo kijaribiwe nchi kavu kwa kani inayotazamiwa na nusu yake juu, kabla mtu yeyote hajakipanda. Anayelalamika kuwa jaribio hilo litamchelewesha akumbuke kuwa wapinzani wake watachelewa vilevile.