BOSI, HICHO KIBOTI NI CHA KUPIGIA PICHA AU CHA KUTUVUSHA?

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Nina langu la moyoni kuhusu bosi wetu mmoja, jina kapuni, yule mwenye boti kubwa nyeupe iliyotia nanga hapa Musoma. Picha zake mmeziona, zimezunguka kwenye simu kuanzia Bunda mpaka Butiama.

Boti kubwa sina neno nayo, pesa ni yake. Tatizo ni kile kiboti cha kutoa wageni nchi kavu na kuwapeleka kule ilikotia nanga. Kaagiza cha mpira, cha kujaza upepo, urefu kama mita 3, halafu nyuma kapachika mashine ya hosipawa 40! Jamani. Mashine ya 40 inapita kilo 70, hapo hujaweka tangi la mafuta, na dereva naye anakaa hukohuko nyuma. Akiongeza moto kidogo tu pua inatazama mbinguni, mkia unakunywa maji.

Mi nilikuwemo. Tulipanda sita kwenye chombo cha watu wanne. Dada mmoja na gauni lake refu kaangukia majini, tukamvuta, simu ndo kwaheri. Jaketi okozi zilikuwa mbili, tena chini ya kreti za soda. Watu wakacheka na kurekodi. Mi sikucheka kabisa. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka mita chache kabla ya kufika gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Eti "si hapo tu karibu". Karibu na wapi?

Wanaoyajua haya mambo ni wavuvi wa pale Mwigobero, hao hao ambao mastaa wetu wakipita wanaziba pua. Muulize mvuvi kwa nini anapenda mashine ya 15. Atakwambia ina kama kilo 40, watu wawili wanaibeba jioni wanakwenda kulala nayo ndani isiibiwe, na ikigoma fundi yupo na spea zipo. Na hiyo ni ya boti ndefu. Kiboti cha mita 3 kinatosha na 5 au 6 tu, maana kazi yake ni kuvusha watu watatu wanne taratibu, sio mashindano.

Halafu huo mpira. Sikatai, ni mwepesi na ukikanyaga pembeni hauyumbi sana. Lakini ufukwe wetu si mnaujua? Mawe matupu, na jua la hapa linachosha gundi. Faiba au mbao ikikwaruzwa inazibwa hapahapa. Pia kuna ile kamba ya dereva kujifunga mkononi, akianguka mashine inazima. Kijana wa bosi kaining'iniza tu kama urembo. Na wageni wavushwe asubuhi, sio saa tisa upepo umeshaamka.

Najua kuna watakaosema nina wivu. Sawa. Ila kama una hela ya boti ile, jaketi sita zinakushinda nini?

Bosi, mwaliko wa mwezi ujao nimeupata, asante sana. Nitakuja. Jaketi nakuja nalo mwenyewe.