Leonard Covello: mwalimu aliyefungulia mtaa mzima mlango wa shule

Katika miji yetu mingi, mzazi huitwa shuleni kwa sababu mbili: mtoto amekosa adabu, ao pesa haijalipwa. Siku nyingine zote shule ni ya walimu na wanafunzi peke yao, na wakaaji wa mtaa huiona kwa nje ya ukuta. Karibu miaka mia moja iliyopita, mhamiaji mmoja kutoka Italia alikataa shule ya namna hiyo huko New York, Marekani. Aliitwa Leonard Covello. Kwetu jina lake halijulikani sana, lakini tungefaidika kumjua.

Covello alizaliwa mwaka wa 1887 Avigliano, mji mdogo wa milimani kusini mwa Italia. Baba yake alitangulia Marekani kutafuta kazi. Mama na watoto wakamfuata mwaka wa 1896. Walikaa East Harlem, sehemu ya maskini ya New York ambako Waitalia walijaa nyumba kwa nyumba. Shule yake ya kwanza watu waliiita « shule ya supu », kwa sababu mchana kila mtoto alipewa bakuli la supu. Alipokua kidogo, alikuwa anaamka mapema kupeleka mikate kwa wateja, halafu ndipo anaingia darasani.

Jina alilozaliwa nalo ni Leonardo Coviello. Mwalimu mmoja aliona ni gumu kutamka, akatoa herufi moja, basi ikawa Covello. Baba alikasirika sana siku alipoliona kwenye karatasi ya shule. Mtoto hakuona shida, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa: alikuwa amekwisha kujifunza kwamba cha nyumbani ni cha kuficha. Alipokuwa mtu mzima aliandika wazi kuhusu haya waliyokuwa nayo yeye na wenzake. Hawakutaka wazazi wafike shuleni, wasije wakaonekana na nguo zao na kusikiwa na lugha yao. Hakuna mwalimu aliyesimama akafundisha kwamba Mwitalia ni mtu wa chini. Somo hilo liliingia lenyewe, kwa sababu shuleni kila kitu cha wazazi kilikuwa kimefungiwa nje.

Aliacha masomo kwa muda ili asaidie familia, kisha akarudi, akapata msaada wa masomo na kumaliza chuo kikuu cha Columbia mwaka wa 1911. Akaanza kufundisha Kifaransa na Kihispania katika shule ya sekondari. Lakini kitu kimoja kilimsumbua: lugha za Ulaya zilipewa heshima darasani, ila Kiitaliano cha watoto wa wahamiaji kiliachwa nyuma. Yeye na wenzake walipigania jambo hilo miaka mingi, wakipita nyumba kwa nyumba kuongea na wazazi, hadi mwaka wa 1922 viongozi wa elimu wa New York wakakipa Kiitaliano nafasi sawa na lugha zingine za kigeni.

Kazi yake kubwa ilianza mwaka wa 1934, wakati shule ya sekondari ya Benjamin Franklin ilipofunguliwa East Harlem. Meya wa mji, Fiorello La Guardia, naye mtoto wa mhamiaji Mwitalia, aliunga mkono mpango huo. Covello akawa mkuu wa shule hadi mwaka wa 1956. Usiku shule haikufungwa. Watu wazima walikuja kujifunza Kiingereza na kusaidiwa kupata uraia. Walimu na wanafunzi walitoka kuhesabu matatizo ya barabara zao: nyumba mbovu, uchafu, ukosefu wa mahali pa kucheza. Vyumba vya maduka yaliyokuwa matupu vikakodiwa, wazazi na vijana wakavisafisha na kuvipaka rangi, vikawa vyumba vya mikutano na vya kusomea. Mtaa ulipodai nyumba bora, shule ilikuwa kati ya waliosimama mbele. Nyumba hizo za serikali zilifunguliwa kando ya mto mwaka wa 1941, na mwaka uliofuata shule ikapata jengo lake jipya hapo karibu.

Mtu anaweza kutumikia watu wa kabila lake tu na bado akasifiwa. Covello alivuka mpaka huo. Mwaka wa 1945 ugomvi ulilipuka kati ya vijana Waitalia na vijana weusi, magazeti yakaupamba moto. Mwimbaji Frank Sinatra, mwenye asili ya Italia, alifika shuleni kuongea na wanafunzi. Ziara ile ilisaidia, lakini mwimbaji huondoka na mwalimu hubaki. Tangu miaka ya nyuma Covello alikuwa ameweka walimu na wazazi wa rangi zote kwenye meza moja. Na wakati Wapuertoriko walipoanza kuhamia East Harlem kwa wingi, naye angeweza kusema kama wengine kwamba wageni hawa wanatuharibia mtaa. Aliongea nao Kihispania. Hata baada ya kustaafu aliendelea kufanya kazi na ofisi iliyohudumia wahamiaji wa Puerto Rico mjini humo.

Wengine watasema: ni rahisi huko Marekani, mwalimu analipwa. Ni kweli, na sipendi kuficha. Mwalimu wa kwetu anayekaa miezi bila mshahara hatuwezi kumtwika mzigo wa mtaa mzima kisha tumwite shujaa. Covello alikuwa na mshahara wa mji, jengo, na meya aliyemsikiliza. Tena, shule yake haikumaliza umaskini wa East Harlem. Ilikuwa ya wavulana, na ilifungwa mwaka wa 1982.

Hata hivyo, mambo mengine aliyofanya hayahitaji bajeti. Kujua mwanafunzi amelala wapi jana hakuhitaji pesa. Katika sehemu zetu ambako familia zimekimbia vita na watoto wanakaa kwa jamaa ao kambini, swali hilo moja lingewaokoa wengi na kufukuzwa kwa kuchelewa ao kwa kukosa daftari. Kuita wazazi wakati hakuna deni wala kosa hakuhitaji pesa. Na kuheshimu lugha ya mtoto ni sheria tayari: Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa. Lakini bado kuna shule ambako mtoto anaadhibiwa kwa kusema Kiswahili wakati wa mapumziko. Kifaransa tunakihitaji, na watoto wakijue vizuri. Ila mtoto anayefundishwa kwamba ulimi wa mama yake ni kosa, kesho atamwonea haya mama mwenyewe.

Mwaka wa 1972, akiwa na zaidi ya miaka 80, Covello alirudi Italia, kisiwani Sicily, akafanya kazi na Danilo Dolci aliyekuwa akitetea maskini huko. Alifariki huko mwaka wa 1982.

Prefe na wakuu wa shule wanaosoma hapa wanaweza kuanza na jambo dogo. Muhula huu, waite wazazi siku moja bila kutaja pesa. Waulizeni kitu gani kinawasumbua watoto wao mtaani, kisha nyamazeni, msikilize.