Wiki Mbili za Kuharisha ni Jambo la Kijiji Kizima

Ndugu zangu wa Kimali, wazee wangu, mama zangu, na ninyi jirani wa Bariadi, Itilima, Maswa na Busega,

Ng'ombe wakiibwa usiku, mwano wa kuita watu unapigwa, na kabla hapajapambazuka wanaume wa vitongoji kadhaa wako njiani wakifuata nyayo. Hakuna anayeuliza kwanza ng'ombe ni wa nani. Lakini mtoto akiharisha wiki mbili mfululizo, habari hiyo inabaki ndani ya nyumba ya mama yake. Nawaomba tuitoe nje.

Kuharisha kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja. Kukifika siku 14 bila kukata, wataalamu wa afya hukuhesabu kivingine, kwa sababu hapo utumbo wenyewe umeshaumia. Chakula kinapita bila mwili kukichukua, mtoto anakonda, na kwa kuwa amekonda, hana nguvu ya kupona. Wadudu wanaoanzisha ni wengi: ameba, giadia, bakteria wa kinyesi, na kimelea kimoja kiitwacho kriptosporidiamu ambacho sisi wafugaji tunapaswa kukiogopa zaidi, maana ndama nao wanakiugua na kukimwaga kwenye samadi.

Sasa tazameni tunavyokunywa maji. Kiangazi mto ukikauka tunafukua mchanga mpaka maji yatoke, na ng'ombe wanashuka kunywa hapo hapo. Lambo ni lile lile la watu na mifugo. Dawa ya klorini ni nzuri dhidi ya kipindupindu, kilichotuhangaisha mkoani mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, ila kriptosporidiamu inaihimili. Kinachoiua ni kuchemsha maji mpaka yatokote. Najua kuni zimekuwa taabu huku kwetu. Basi walau maji ya mtoto mdogo na ya mgonjwa yachemshwe, hata kama ya wengine yatatiwa dawa tu.

Kuna jambo zito kuliko wadudu, nalo ni aibu. Mtoto akiharisha na kukonda, watu husema amebemendwa: wazazi wamelala pamoja mapema mno baada ya uzazi, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama anayesemwa hivyo ataendaje zahanati mchana kweupe? Anasubiri, anatafuta dawa ya mizizi kwa siri, na siku zinapita. Wengine wanaambiwa ni meno ya plastiki, mtoto anapasuliwa fizi kwa kitu kichafu, anaongezewa ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Wazee wangu, sauti yenu inasikika kuliko ya nesi. Semeni hadharani kwamba kuharisha ni ugonjwa wa tumbo, na kwamba hakuna mama wa kuchekwa. Akina baba nao wampakie mtoto kwenye baiskeli wampeleke wenyewe. Baba akionekana kwenye foleni ya zahanati, umbea unapungua.

Na tuache kununua vidonge vya rangi mbili na Flagyl kwa kubahatisha. Dawa za kuua bakteria zina kazi yake, hasa choo kikiwa na damu, lakini apime mtaalamu kwanza. Zikitumika ovyo huweza kurefusha kuharisha kwenyewe. Matibabu ya msingi ni rahisi. Pakiti ya ORS inachanganywa na lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita, na zikipita saa 24 yamwagwe. Vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, mtoto hupewa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi sita hupewa nusu yake. Wengi huacha zinki siku ya tatu choo kinapokuwa kigumu. Msiache.

Chakula kisikatwe. Mama aendelee kunyonyesha. Kwa mtoto mkubwa kidogo, maziwa ya mgando hukaa tumboni vizuri kuliko maziwa matamu, kwa kuwa utumbo uliochubuka unashindwa na sukari ya maziwa. Uji wa mtama utiwe karanga zilizosagwa. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki mbili, ili arudishe mwili. Aliye chini ya miezi sita, mwenye macho yaliyozama, anayekataa kunyonya au anayetoa damu, asikae nyumbani hata siku moja. Na mtu mzima anayeharisha muda mrefu apime choo, apime na VVU. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure.

Haya hayatuzidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilirushwa redioni, watu wazima wapatao milioni 2 nchini wakakaa kwenye vikundi wakasikiliza na kujadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Baadhi ya wazee waliokuwemo wapo bado, waulizeni.

Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani kwetu uliidhinishiwa fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017. Kuusubiri bila kufanya kitu ni kosa. Tunaweza kuzungushia minyaa sehemu ya kuchota, na mifugo ikanyweshwa upande wa chini mkondo unakoelekea. Vyoo tuvichimbe kwa zamu, kitongoji kwa kitongoji, pamba ikishauzwa. Udongo wa mbuga hutitia, kwa hiyo shimo bila tofali ni kazi bure. Kila kaya ilete tofali zake na mjane achimbiwe na wenzake. Kila kitongoji kimteue mtu wa kuhesabu siku za kuharisha pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mwenye pikipiki mmoja awe tayari kwa safari ya usiku, mafuta yakilipwa na wote.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Naomba ujao uanze na ajenda hii, kabla ya michango na mipaka ya mashamba, na muhtasari uandike majina ya waliopewa kazi na tarehe ya kuikamilisha.