Tafakuri za Mtunzi wa Tamthilia: Kwa Lugha Gani?

Kuna mazoea katika uhakiki wa tamthilia ambayo yamedumu kupita kiasi. Mhakiki huichukua tamthilia kuwa ndiyo kazi, na yale ambayo mtunzi huyawaza siku baada ya siku kuhusu jukwaa, muziki, lugha na maisha huyahesabu kuwa makombo: huchota sentensi moja ya kupambia utangulizi, kisha huyapa kisogo. Mazoea haya yana hasara mbili. Yanaificha nadharia pale inapozaliwa, na yanawazuia wahakiki kuuliza swali muhimu zaidi: tafakuri hizo zimeandikwa kwa lugha gani?

Mfano bayana ni wa Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025). Ngaahika Ndeenda, aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilianza kuigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, tarehe 2 Oktoba 1977, katika ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Leseni yake ilifutwa mwezi uliofuata, na kufikia mwisho wa mwaka Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Katika gereza la Kamiti aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kikuyu, juu ya karatasi za chooni. Lakini kumbukumbu za kifungo hicho hicho, Detained, zilitoka mwaka wa 1981 kwa Kiingereza. Decolonising the Mind (1986), ambamo anazieleza kwa kina fikra zake kuhusu lugha ya tamthilia, nacho ni kitabu cha Kiingereza.

Athari za mgawanyiko huu zinadhihirika zaidi katika muziki. Ngũgĩ anaeleza kuwa sehemu ya gĩtiiro katika sherehe ya arusi aliipata neno kwa neno kutoka kwa mwanamke mkulima wa Kamĩrĩĩthũ asiyejua kusoma. Kutokana na mafunzo ya aina hii anashikilia kwamba wimbo na ngoma si mapambo ya kuchangamsha hadhira, bali ni sehemu ya tendo lenyewe. Hiyo ni nadharia kamili, na mwalimu wake ni mwanakijiji. Kijiji kilitoa maarifa kwa Kikuyu. Chuo kikuu kikayapokea kwa Kiingereza.

Kiswahili nacho hakikusalimika. Ebrahim Hussein alitunga Kinjeketile (1969) kwa Kiswahili, lakini tasnifu yake ya uzamivu kuhusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki, aliyoiandika Berlin katika miaka ya 1970, iko kwa Kiingereza.

Watetezi wa hali hii husema kwamba Kiingereza ndicho kilichomfikisha Ngũgĩ kwa wasomaji wa bara zima. Ni kweli. Hata hivyo, hoja hiyo inaeleza tu kwa nini vitabu hivyo viliandikwa hivyo. Haielezi kwa nini uhakiki wa Kiswahili uridhike kuviazima pasipo kuvitafsiri wala kujibizana navyo. Fauka ya hayo, Ngũgĩ mwenyewe alitangaza mwaka wa 1986 kwamba anakiaga Kiingereza, na mwaka wa 1994 akaanzisha jarida la Mũtiiri kwa Kikuyu. Mwaka wa 2010, kumbukumbu zake za utotoni, Dreams in a Time of War, zilitoka kwa Kiingereza. Ikiwa mtu mwenye azma kama yake hakuweza kuikata kamba hiyo, basi tatizo si la mtunzi mmoja. Ni la vyuo vinavyotoa shahada, wachapishaji wanaochagua miswada, na wahakiki wanaoamua kipi kiitwe nadharia.

Idara za Kiswahili haziwezi kujitoa katika lawama hii. Mwanafunzi wa uzamili anayechambua tamthilia apewe pia shajara, dibaji na mahojiano ya mtunzi, na kuyatafsiri kuhesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma. Watunzi walio hai nao waulizwe kwa Kiswahili, na majibu yao yachapishwe kwa Kiswahili. La sivyo, tamthilia itaendelea kusema Kiswahili jukwaani huku ikifikiriwa kwa Kiingereza nyuma ya pazia.