Kombe Lisifunikwe

Wapo watu katika kila chama, kila shule na kila nyumba ya ibada ambao, wakisikia kwamba mtoto ametendewa ubaya na mtu wa kwao, neno la kwanza liwatokalo kinywani ni "funika kombe mwanaharamu apite". Hudhani kwamba walinda heshima ya jamaa zao. Sisi twasema wamlinda mwovu, na ushahidi wake si wa kutafuta mbali.

Tarehe 12 Novemba, 2024, Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Waanglikana ulimwenguni, alitangaza kwamba atajiuzulu. Hakuna aliyesema kwamba yeye mwenyewe alimdhuru mtoto. Aliangushwa na taarifa ambayo haikufikishwa mahali pake. Siku 5 kabla ya hapo ilikuwa imetolewa ripoti ya Keith Makin juu ya John Smyth, mwanasheria mashuhuri wa Uingereza na kiongozi wa kambi za vijana wa Kikristo, ambaye kwa miaka mingi aliwapiga wavulana fimbo kwa ukatili mkubwa. Walioumizwa, huko Uingereza na huku Afrika, walizidi 100.

Yafaa kila kiongozi aifuate habari hii hatua kwa hatua. Mwaka 1982 kasisi mmoja aliyachunguza mambo ya Smyth, akayaandika mapigo yale waziwazi. Maandishi yake yalisomwa na watu wachache wenye madaraka katika kambi zile. Hawakuyapeleka polisi, kwa kuwa waliogopa kazi yao njema itaharibika. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, na wavulana wa huko wakapigwa kama wale wa kwanza. Mwaka 1992 mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea kambini. Mwaka 1993 mwanasheria wa Bulawayo, David Coltart, aliandika ripoti ya kuwaonya watu. Kesi ilifunguliwa baadaye, lakini ikavunjika. Mwaka 2001 mtu yule akahamia Afrika ya Kusini. Mwaka 2013 habari zake ziliwafikia wakubwa wa Kanisa la Uingereza, na Makin aeleza kwamba kama wangalipeleka mashtaka rasmi polisi wakati ule, Smyth angaliweza kufikishwa mbele ya sheria. Alifariki Cape Town mwaka 2018, wala hapana mahakama iliyomhukumu.

Ndugu zetu, watu waliosoma maandishi yale ya 1982 hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa sala, na hapana shaka walihuzunika. Kosa lao ni kwamba waliona kuandika na kufungia kabatini kuwa ndiko kutoa taarifa. Kosa la pili ni kwamba walitosheka mtu yule alipoondoka machoni pao. Kumwondosha mwovu kutoka kituo kimoja kwenda kingine si adhabu. Ni kumpelekea watoto wengine.

Je, sisi tu wasafi? Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009 kwa vijana wa miaka 13 hadi 24, karibu wasichana 3 katika kila 10, na yapata mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na nani kati yetu hajapata kusikia habari ya mwalimu aliyehamishwa kimyakimya, au ya wazee waliokaa barazani kuwapatanisha wazazi kwa fedha au mbuzi, huku mtoto mwenyewe hakuulizwa neno?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwisha kukata shauri hili. Yampa kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuiarifu serikali ya mtaa. Haikusema amwambie mwenyekiti wake kisha angoje. Maafisa wa ustawi wa jamii wapo, madawati ya jinsia na watoto yapo katika vituo vya polisi, na simu namba 116 hupigwa bila malipo.

Wapo watakaouliza: je, mtu akisingiziwa? Ni swali la haki, maana jina la mtu ni mali yake. Lakini kutoa taarifa si kuhukumu. Asiye na hatia husafishwa na uchunguzi wa watu wasio rafiki wala adui zake. Hasafishwi na minong'ono, wala na mkubwa wake aliyekula naye sahani moja.

Kwa hiyo twataka kila tawi, kila chama cha wafanyakazi, kila shule, madrasa, kanisa na timu ya vijana iweke kanuni zake na kuzibandika ukutani. Asikiaye neno la mtoto alifikishe kwa serikali siku ile ile. Anayetuhumiwa akae mbali na watoto mpaka uchunguzi uishe, wala asipewe uhamisho. Aliyetoa taarifa kwa nia njema asisumbuliwe kazini wala chamani. Na mtoto aambiwe kwamba amefanya vema kusema.

Tusemapo kila shirika, hatukiachi nje chama chetu. Siku mtoto atakapomtaja mtu mwenye kadi kama yetu, aliyetoka jasho pamoja nasi katika mikutano na uchaguzi, ndipo itakapojulikana kama maneno haya tuliyaamini au tuliyaandika tu. Siku hiyo katibu wa tawi asitafute ushauri wa kulinda jina la chama. Ainuke, amshike mtoto mkono pamoja na mzazi wake, aende nao kituoni.